Airisi zikibanana zigawanyeni, msizitupe dampo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu bustani zetu hapa Arusha, maana masika hayo yanakuja na muda si mrefu majembe yataanza kutembea kwenye maofisi, makanisani, mashuleni na majumbani, na kila mwaka ikifika kipindi hiki kuna ua moja linaonewa sana. Nazungumzia airisi ya Kiafrika, ile yenye majani marefu magumu yaliyochongoka, ua lake jeupe lina doa la njano na katikati limeingia zambarau iliyopauka, utaikuta kando ya uzio, kwenye njia ya kuingilia getini, chini ya miti, yaani karibu kila kampaundi, na ukivuka mpaka ukaenda Nairobi ndo usiseme.

Juzi kati nimepita kwenye ofisi moja nikakuta vijana wanang'oa mstari mzima wa airisi, wanapakia kwenye kirikuu zikatupwe dampo. Nikauliza kulikoni, wakanijibu vizuri tu kwamba haya maua yamezeeka mama, hayatoi kitu tena, bosi kasema tuweke pavingi. Nikachukua fungu moja nikaligeuza nikaliangalia. Katikati kweli kulikuwa kumekufa, matunguu (yale mashina manene yanayotambaa ardhini) ya kahawia yamekauka na majani yamelala yameoza, lakini kuzunguka pembeni pote machipukizi ya kijani yamekaza, mizizi mipya myeupe imejaa, lile fungu moja tu ukilikatakata vizuri unapata miche ya kupanda ukuta mrefu na inabaki ya kumpa jirani. Na kwenye kirikuu mafungu yalikuwa yamejaa mpaka juu! Niliumia sana, maana hao hao wiki ijayo wataenda kununua miche ya maua kwenye viriba barabarani kwa hela.

Jamani hili ua halijazeeka, limebanana. Anayelima migomba ananielewa haraka, ukiacha shina lijae machipukizi hupati mkungu wa maana, ndo maana mkulima anaacha mama, mtoto na mjukuu, yaliyobaki anayang'oa akapande kwingine. Airisi nayo tunguu lake linatambaa chini kwa chini kuelekea nje, kila msimu linaongeza machipukizi pembeni na kule katikati linabaki gome kavu, baada ya miaka kadhaa mizizi imesokotana mpaka maji ya mvua hayaingii, yanateleza juu yanaenda zake, sasa hapo maua yatatoka wapi?

Lakini kabla hujakimbilia jembe naomba kwanza uangalie mkasi. Kwa nilivyoona mimi, bustani nyingi zinazolalamikiwa kwamba airisi hazitoi maua shida ni huyu anayekata vikonyo. Ua likinyauka kijana wa bustani anakata kikonyo chote mpaka chini ili paonekane pasafi, kama tulivyozoea kwenye mawaridi, kumbe hii airisi nyeupe kikonyo chake hakifi, kinakaa miaka na kinatoa maua tena na tena pale pale kwenye ncha. Ukikikata umeondoa maua ya msimu huu na ya msimu ujao. Kata kile kilichokauka kabisa, cha kijani kiache hata kama kimepinda. Na wakati mwingine ukikiacha kinaota kimche kidogo kwenye ncha, kinaelemewa kinainama mpaka chini na kuotesha mizizi chenyewe. Jambo lingine ni kwamba ua lenyewe linaishi siku moja tu, na mmea unachanua kwa mikupuo, leo bustani nzima nyeupe halafu kimya wiki mbili hivi ndo inarudi tena, kwa hiyo mtu asipite siku ya kimya akasema limekufa.

Sasa kama vikonyo havijakatwa na fungu bado limekaa tu majani matupu na katikati pamekauka, hapo ligawe. Wakati mzuri kwetu ni mvua zinapoanza, Machi kuelekea Aprili, au vuli ikianza Novemba. Jioni ya kuamkia kazi mwagilia maji mengi maana udongo ukiwa mkavu mizizi inakatika. Chimba kuzunguka kwa mbali kidogo na jembe la meno, usianze kuvuta majani, yatakatika yakubakie mkononi na tunguu libaki chini. Fungu likitoka lipige pige chini udongo udondoke uone vitu vilivyo. Mafungu ya miaka mingi hayaachani kwa mkono, chukua panga kali pasua katikati, halafu pasua tena, usiogope, tunguu ni gumu. Kila kipande kiwe na machipukizi mawili matatu yenye majani mazima na mizizi yake chini, kikiwa na chipukizi moja kitaota lakini utasubiri sana kuona ua. Lile gome la katikati litupe kwenye mboji.

Majani yakate yabaki nusu. Watu wengi hapa wanaona uchungu lakini mizizi imepungua, majani marefu yote yale yatanywa maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta na mche utakauka umesimama. Miche ambayo hujapanda ifunike na gunia lililoloana, iweke kivulini, isipigwe jua hata saa moja mizizi ikiwa wazi. Shimo liwe la kutosha mizizi itandaze, changanya samadi iliyooza vizuri, panda kwa kina kile kile ilichokuwa nacho, shindilia kwa mguu taratibu halafu mwagilia. Toka mche mpaka mche acha futi moja na nusu mpaka mbili. Najua itaonekana patupu na mwenye nyumba atanuna kwamba bustani ina mapengo, mwambie asubiri, ukipanda karibu karibu ili pajae haraka unarudi kwenye kubanana kule kule. Na mbolea ya urea usiiwekee, itakupa majani mazuri sana na maua hakuna. Mmea huu haupendi kusumbuliwa, kwa hiyo ukishauhamisha unaweza ukanuna msimu mzima bila ua hata moja, usiung'oe tena, hapo ndo unashika mizizi.

Hapa niseme na vijana wanaojifunza bustani kwenye simu, na nawapongeza kwa kujifunza. Zile video za Uingereza na Marekani zinazosema gawa airisi mwezi wa saba au wa nane na uache mgongo wa tunguu nje upigwe na jua, hazina kosa, ila zinaongelea airisi nyingine kabisa, ile yenye ndevu kwenye petali, inayotaka baridi kali ya winta ili itoe maua na ambayo tunguu lake likifukiwa sana linaoza. Ya kwetu haiko hivyo. Mwezi wa saba Arusha ni kipupwe, baridi na ukavu, mvua hakuna, ukigawa airisi ya Kiafrika wakati huo na ukaacha tunguu juani itakauka na utasema ua hili ni gumu kulilea. Si gumu, linavumilia kivuli, linavumilia kiangazi likishashika, na likipata jua la asubuhi linachanua zaidi.

Na halivumilii kwa bahati, hapa ni kwao. Airisi hii nyeupe inaota porini yenyewe kuanzia Ethiopia, ikashuka Kenya na Uganda na hapa Tanzania mpaka Afrika Kusini, kwenye kingo za misitu na vivulini. Jenasi yake, yaani ukoo wake wa karibu, ina aina sita tu duniani, hii yetu ikiwemo, tano za Afrika na moja peke yake iko kisiwa cha Lord Howe, mbali huko baharini mashariki ya Australia. Yaani tuna mmea ambao sehemu nyingine za dunia wanaununua kitaluni kupamba barabara zao, sisi tunao porini na bado tunaupakia kwenye kirikuu pamoja na takataka. Hilo ndo linaniuma zaidi kuliko hata hela ya miche.

Ombi langu kwa gazeti lako, Mhariri, ukurasa wa kilimo uwe unatenga hata kona ndogo ya maua mwezi wa pili kabla mvua hazijaanza, kilimo sio mahindi na nyanya tu, kuna vijana wengi mjini wanakula kwa kazi ya bustani na hamna mtu anayewaandikia. Kwa wakuu wa shule, airisi za getini zikibanana wapeni wanafunzi wa klabu ya mazingira wazigawe wenyewe, fungu moja linaweza kuzunguka darasa zima na wakajifunza mmea unavyokua kuliko kuchora ubaoni. Na mabosi mnaotaka pavingi, wekeni pavingi yenu, ni kampaundi yenu, ila kabla ya kuita kirikuu waambieni vijana wayaweke yale mafungu nje ya geti kwenye gunia lenye maji, andikeni kwenye boksi kwamba ni bure. Mpaka jioni yatakuwa yameshachukuliwa.

Msomaji wako, mama wa bustani,
Njiro, Arusha