Risala ya Wanafunzi wa Fiziolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maabara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, walimu wetu, wahudumu wa maabara na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Tunalo jambo moja tu la kukueleza, nalo ni saa tunayopimia shinikizo la damu la panya wetu.

Mheshimiwa, binadamu mwenye afya akilala usiku, shinikizo lake hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na yule ambaye lake halishuki yumo katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi na maradhi ya moyo. Panya ni kinyume chetu: hulala mchana, na giza likiingia ndipo huamka, akala, akakimbia, na shinikizo lake likapanda. Sisi humpima saa nne asubuhi. Tunamtoa usingizini, tunamwingiza katika mrija wa plastiki, tunaupasha mkia joto ili mshipa utanuke, kisha tunauvika mkanda mdogo wa hewa. Tarakimu inayoingia daftarini ni ya mnyama aliyekurupushwa na kubanwa.

Hasara yake si ndogo. Panya wenye presha ya kurithi, ambao watafiti Okamoto na Aoki waliwatangaza kutoka Kyoto, Japani, mwaka 1963, wana shinikizo la juu mchana na usiku, lakini kupanda na kushuka kwake hakupotei. Wale waliopandikizwa jeni ya renini (kimeng'enya cha figo kinachosaidia kupandisha shinikizo) iliyotoka kwa panya wa aina nyingine, yule mdogo aitwaye kipanya, waliotangazwa mwaka 1990, wana ajabu yao: shinikizo hufika kileleni mchana wakiwa wamelala, ilhali mapigo ya moyo na mwendo wao vimebaki vya usiku. Anayewapima wote saa nne asubuhi ataandika kwamba wana presha, akafunga daftari, na tofauti iliyo kubwa kuliko zote itakuwa imempita.

Kuna na kadhia ya taa. Mlinzi wetu, kwa wema wake, huingia usiku wa manane na kuwasha taa ili ahakikishe vizimba viko salama. Mwanga huo huvuruga saa ya mwili, ambayo makao yake makuu ni ubongoni na ambayo hujirekebisha kwa nuru inayopita machoni.

Mheshimiwa, dawa kamili ni kifaa cha redio kinachopandikizwa tumboni, chenye mrija mwembamba unaoingia katika mshipa mkuu wa damu, kikatuma vipimo usiku na mchana huku mnyama akiwa huru kizimbani. Bei yake tunaijua, wala hatukuombi leo. Tunaomba swichi ya saa ya kuzima na kuwasha taa, balbu nyekundu hafifu ambazo mwanga wake panya hauoni vizuri, na kibali cha kuingia maabara baada ya saa mbili usiku, pamoja na ufunguo mmoja wa mlango wa nyuma.

Tunaomba kuwasilisha.