Baba, mambo ya ujenzi wa huku Escomb

Baba shikamoo. Huku sote wazima, ni baridi tu ndo inasumbua, natumai mguu wa mama umepata nafuu. Nina habari moja ambayo wewe kama fundi utaielewa kuliko mtu yeyote ninayemjua huku.

Kuna kijiji kinaitwa Escomb, jirani na Bishop Auckland, kaskazini mwa Uingereza, kina kanisa dogo lililojengwa kama mwaka 675 hivi na mpaka leo watu wanasali humo. Baba, 675! Halafu mawe yenyewe wameyatoa kwenye ngome ya Warumi pale Binchester, maana Warumi walishaondoka kitambo ngome ikabaki gofu, wenyeji wakakuta mawe yameshachongwa, wakayabeba. Ukuta wa kaskazini kwa nje kuna jiwe limeandikwa LEG VI, yaani jeshi la sita la Kirumi, ila limewekwa kichwa chini, fundi alichotaka ni jiwe likae sawa, maandishi hayakumhusu. Mengine bado yana michirizi ya patasi ya Kirumi, ukipitisha kidole unaisikia kabisa.

Sasa tao la kuingilia madhabahuni ndo lilinisimamisha. Pale pembeni jiwe moja refu limesimamishwa, juu yake lingine limelazwa likazama ndani ya ukuta, halafu refu tena, hivyohivyo mpaka juu, kumbe yale yaliyolala ndo yanafunga kila kitu, nondo hakuna. Wataalamu wanasema tao lenyewe huenda lilifunguliwa zima kule ngomeni likaja kupangwa upya.

Kwa ndani ni jembamba, upana kama mita 4 na nusu, lakini kuta zimepanda juu sana. Madirisha ya mwanzo ni madogo na yako juu, ila upande wa ndani yametanuliwa ili mwanga usambae, yale marefu yaliongezwa miaka ya 1200.

Kinachoniuma, mwaka 1863 walijenga kanisa jipya, hili la zamani wakalitelekeza mpaka paa likaharibika, bahati nzuri miaka ya 1870 wakaanza kulikarabati. Lile jipya limeshabomolewa, hili lipo.

Picha nimetuma kwa simu ya dada. Iangalie ile ya kona, yale mawe makubwa ya chini, uniambie wewe ungeyapandishaje bila winchi. Mama msalimie sana.