Barua ya kutoka Moroni

Moroni, Jumamosi usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na Mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi mzima, ila miguu imevimba. Kimya changu nisamehe. Nakuandikia kwa sababu ya Singani, kijiji cha babu yake Mama, maana haya sikutaka kuyasema kwenye simu na Mama yuko pembeni yako.

Leo tumezunguka Ngazija nzima, kisiwa kikubwa cha Komoro, kwa gari, wageni wanne na mtembeza wageni wetu, tangu alfajiri hadi magharibi. Kijana mwungwana sana. Kila nikimpa kitu ananijibu "marahaba", nami nashtuka kwa kuwa sijamwamkia. Kumbe kwao ndiyo ahsante. Mlima Karthala tuliuona asubuhi tu, kabla mawingu hayajaufunika. Mita 2,361, na barabara yote ya kusini unapita miguuni pake.

Kisha Singani. Walioniuzia safari walikuwa wameitengea dakika kumi, za kupiga picha. Hilo limeniudhi mno. Mkija, msikubali.

Unakumbuka Mama anavyoisimulia nyumba ya babu yake, mnazi uani na birika la maji ya mvua? Shoga, Aprili 1977 mlima haukupasukia kileleni. Ardhi ilichanika huku chini ubavuni, lava ikateremka kijijini. Watu waliwahi kuondoka, nyumba zikabaki. Leo kijiji kimejengwa upya juu ya lile jiwe. Nimeligusa: jeusi, kali kama kioo kilichovunjika, na ndani lina matundu madogo madogo kama mkate wa kumimina. Kwenye ufa mmoja umeota mkangaga, majani mabichi kabisa. Nilisimama pale nikajiuliza huo mnazi uko wapi, chini ya mguu wangu au ng'ambo ya barabara, nikashindwa kupiga picha hata moja.

Baada ya hapo tulipita Chomoni, mchanga mweupe umebanwa na miamba myeusi, pazuri kweli. Tukaenda kaskazini kwenye Ziwa la Chumvi, shimo la volkano lililojaa maji, bahari iko hatua chache tu. Wenzangu walifurahi. Mimi nilikuwa bado Singani.

Na hilo birika sasa nimelielewa. Mvua hapa inanyesha kwelikweli, lakini mto hakuna hata mmoja, jiwe linayanywa maji yote. Ukikosa birika umekosa maji. Ndiyo maana mlima ulipomwaga majivu mwaka 2005, kilichowaumiza watu ni mabirika kuchafuka. Mama kila akisimulia huanzia kwenye birika, nasi tukidhani ni mazoea ya wazee tu.

Kwa hiyo usilipe nauli kwanza, tuzungumze. Sisemi Mama asije. Aje, tena Julai ndiyo vizuri, mvua zimepungua. Barabara ya mashariki ina mashimo, magoti yake yatalalamika, basi mgawe safari siku mbili. Lakini asishushwe garini pale bila kujua, halafu aanze kuitafuta nyumba kwa macho.

Je, anajua? Barua za kwao ziliacha kuja lini, kabla ya 1977 au baada? Shangazi yako wa Pemba si ndiye aliyekuwa akizipokea, naye hajasema kitu? Mtaa wa babu uliitwaje, na jirani zao walikuwa akina nani? Yule kijana ameniahidi kuniulizia kwa wazee, ila anataka majina. Na wewe utaweza kumwambia mwenyewe, au unataka nirudi tumwambie pamoja?

Nijibu kabla ya Jumatano. Alhamisi narudi Singani peke yangu, nikae mpaka jioni.

Wako akupendaye