Kaka, ishushe ile picha ya kinyonga

Salamu kwanza, maana Mjomba hakupenda mtu aanze na lawama kabla ya kuulizia nyumbani. Watoto hawajambo? Wifi mguu umepona? Sisi huku Kilembe mvua zimeanza, Nyamwamba inanguruma usiku kucha, na tangu yale mafuriko ya Mei 2013 hakuna anayeusikia mto ule akalala vizuri.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia hapa hadharani. Wasomaji waliozoea kuja hapa kwa habari za lenzi na ndege watanisamehe, leo kuna la nyumbani.

Nimeiona ile picha kwenye ukurasa wako. Kinyonga wa pembe tatu juu ya lobelia, ule mmea mkubwa wa juu mlimani, ukungu nyuma, matone ya maji mgongoni, na chini yake umeandika: "Pumzika kwa amani Mjomba, uliyetufunza kuupenda mlima." Watu wanalia, wanatuma mioyo, na Mama naye ameisambaza kwa wenzake wa kanisani kwa sababu hajui. Mimi najua. Wewe unajua. Wapagazi waliokuwepo siku ile nao wanajua, na mmoja alinipigia simu kuniuliza kama umerukwa na akili. Katika picha zote ulizopiga kwenye mlima wetu huu wa Rwenzori, Kaka, ukachagua hiyo?

Siku ya mazishi tulikaa chini ya turubai moja, wewe kwa wanaume, mimi nikiingia na kutoka na masufuria ya bundu na sombe, na hatukusemeshana. Nilidhani msiba utafanya kile ambacho wazee walishindwa. Haya.

Sitaki uone kama nimekuja na fimbo tu. Nakumbuka mengi mazuri. Nakumbuka Mjomba alivyokuwa akicheka wageni wanaokuja kwenye ukavu tu, Desemba na Julai, kwa sababu vitabu vyao vimewaambia hivyo. Sisi alitupandisha Machi na Aprili. Alisema kiangazi moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la bondeni huuziba mlima, unaweza kukaa Kasese mjini wiki nzima usijue kama una mlima nyuma ya nyumba. Mvua ikishaiosha hewa, unatoka nje asubuhi na mswaki mdomoni, unaukuta huo hapo, mweupe juu, bluu chini. Dakika chache tu, halafu mawingu yanafunga. Ndiyo maana alitufundisha kulala na kamera imeshawekwa tayari.

Ni wewe uliyenifundisha nisiiingize kamera karibu na jiko kambini, niiache kwenye begi ikae na baridi yake, maana kioo kikishapoa halafu kikakutana na mvuke wa chai kinapiga ukungu mpaka ndani. Hilo bado nawafundisha wengine, na huwa nasema limetoka kwako. Ni wewe uliyenivuta mkono pale kwenye bwawa la matope la Bigo nilipokosea kituta cha nyasi nikazama hadi gotini. Na yule ndege, chozi wa mlimani, dume, kijani cha kung'aa na mkia mrefu, tulimngoja pamoja kwenye ua la lobelia, wewe ukinikinga mvua na koti lako mwenyewe. Ile picha yangu ya chozi ni nusu yako. Nimeshasema mbele ya watu na ninasema tena.

Jua likichomoza pale juu mwezi wa Aprili, yale maua meupe makavu, yaliyokuwa yamefumba kwa unyevu, yanafumbuka moja moja, na miti ya erika inaning'iniza ndevu zake ikitoa mvuke. Mtu mwenye macho akipata hayo anataka nini kingine? Swali hili nimejiuliza sana juu yako.

Nalikumbuka lile kopo. Kopo la maziwa ya unga, umelitoboa kwa msumari, umelifunga mdomo kwa kipande cha chandarua. Nilidhani ni sukari. Kumbe ulimnunua yule kinyonga kwa watoto wa barabarani kule chini Ibanda, ukapita naye geti la hifadhi pale Nyakalengija ndani ya begi, ukampitisha kambi ya Nyabitaba, ukalala naye kambi ya John Matte, juu ya mita 3,000, usiku wa kugandisha maji. Mnyama wa msitu wa chini, wa kwenye migomba na vichaka vya joto. Ukitaka kumpata kihalali anapatikana hata nyuma ya choo cha shule, lakini huko hakuna lobelia, na wewe ulitaka vyote viwili katika fremu moja kwa sababu hakuna aliyewahi kuvipata. Hakuna aliyewahi kuvipata kwa sababu haviishi pamoja, Kaka!

Asubuhi ile kulikuwa bado na barafu nyembamba juu ya maji yaliyokaa katikati ya majani ya lobelia. Zile za Bigo hujiwekea maji hapo ili kichipukizi kisigande. Juu panaganda, chini kinasalimika. Mjomba alikuwa ametoka kutuonyesha, amebonyeza kwa kidole ikavunjika. Wewe ukafungua kopo. Akatoka mweusi kama sufuria. Kinyonga yule, tunamjua tangu utotoni, ni kijani chenye manjano na bluu. Anajitia weusi akishikwa na baridi, ili anyonye joto lolote litakalopatikana. Watu wanaoisifu picha yako leo wanasema rangi ile ni ya huzuni, inafaa msiba. Ni baridi ile. Hakuna kingine.

Ukamweka juu ya jani. Vidole vyake, viwili upande huu na vitatu upande ule, havikushika. Akateleza. Ukamweka tena. Ukachukua ile chupa ya kunyunyizia ukampulizia maji apate matone. Macho yake, yale yanayozunguka kila moja kwa njia yake, yakafumba. Kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa, hilo hata mtoto wa Kilembe anakuambia. Wewe ukageuka ukanionyesha kioo cha kamera, ukasema, "Mwone, anaota." Na ndilo jina uliloipa picha baadaye.

Mjomba alikuwa amesimama pembeni na zile gambuti zake za kijani zenye kiraka cha tyubu ya baiskeli. Hakukukemea. Alikungoja umalize, kana kwamba unasali. Kisha akavua kofia yake ya sufu, akamtia yule mnyama ndani, akaiweka kofia tumboni chini ya sweta, akamwachia kijana mwenzake atuongoze, akageuka kuteremka. Mzee wa umri ule, akirudi peke yake kwenye mawe yanayoteleza, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine umeshika tumbo. Wewe hukuinua kichwa. Ulikuwa unazipitia picha, ukasema, "Nimeipata."

Nimejaribu kulisahau neno hilo. Nimeshindwa.

Alimwachia kwenye msitu chini ya Nyabitaba. Alisema alimwona akipanda kijiti. Tulipofika getini tulimkuta na chai, akakumiminia wewe kwanza. Hakulizungumza tena, lakini umejiuliza kwa nini kila ulipomwomba akupeleke mlimani baada ya hapo magoti yalimuuma, na kila nilipomwomba mimi magoti yalipona?

Sasa nije kwenye lile unalosema kwa watu, kwamba nilikuchongea kwa wale waamuzi wa mashindano ya picha, ulikoipeleka ile ya kinyonga, kwa wivu kwa sababu chozi wangu hakupata kitu. Niliwaandikia, ndiyo. Niliandika jina langu chini ya barua, sikujificha. Fomu yao, ambayo na wewe uliisaini, iliuliza kama mnyama amehamishwa au amechezewa, ukajibu hapana. Ningefanya nini? Ninyamaze, halafu kesho vijana wa Ibanda waanze kuuza vinyonga kwa kila mwenye kamera? Tayari walishaanza. Kumwingiza mnyama hifadhini ndani ya begi ni kosa, nami sikukupeleka kwa askari wa hifadhi, niliandika barua tu. Wivu ungenipeleka kwa askari. Wivu ungeipandisha hapa ile picha nzima, ambayo ninayo, na sijaipandisha.

Ndiyo, ninayo. Uliniletea usiku ule ule kambini, kabla hujaikata. Upande wa kushoto chini kuna ncha ya gambuti ya kijani yenye kiraka. Ukaikata kwa sababu iliharibu fremu. Mtu uliyemwondoa kwenye picha ndiye unayemlilia kwa picha hiyo hiyo, na hilo ndilo lililonifanya niandike, si mashindano, mashindano yalishapita.

Ungekaa sebuleni kwake siku hizi za msiba badala ya kukaa hotelini mjini, ungeziona tena zile picha za Vittorio Sella alizozikata kwenye kalenda akazibandika ukutani. Sella alipanda 1906 na msafara wa mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, na mizigo ya kamera iliyobebwa na watu waliopita kwenye tope la mlima huu huu. Wakati ule kulikuwa na barafu kwenye milima yote sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na ule waliouita Luigi di Savoia. Leo iliyobaki ya kutajwa ni ya Stanley, kule kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, nayo inapasuka na kurudi nyuma. Mjomba alikuwa anaweka kidole ukutani: hapa nilipita na kamba na vyuma vya miguuni, sasa ni mwamba mtupu. Aliweza kusema hivyo kwa sababu aliyepiga picha hakuongeza kilele wala hakupunguza. Watu wanaopima barafu wanazirudia picha zile hadi leo. Nawe siku moja utakuwa umekufa, mtu ataikuta picha yako, ataandika kwamba vinyonga wa pembe tatu waliishi Bigo. Ulilifikiria hilo?

Najua utasema nami niko kwenye kosa, kwamba nilikuwepo nikanyamaza. Nilikuwa mdogo wako, na mbele ya wapagazi. Mdogo hamkemei kaka yake mbele ya watu, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na wewe ndiye wa kwanza ungenikumbusha. Nilisubiri tufike nyumbani. Nyumbani ukanijibu kwamba mimi ni mpiga picha wa harusi. Ni kweli, nalipwa kwa harusi, na hakuna bibi harusi niliyembeba kwenye kopo.

Unipe nafasi nikushauri kidogo, ingawa hukuomba. Kama unamtaka kinyonga, shuka kwenye vichaka vya mashambani mvua inapoanza, asubuhi kabla hajapata joto, na umwache kwenye kijiti chake. Piga kwa lenzi ndefu, usimsogelee mpaka avimbe. Kama unataka lobelia, lala Bigo, ngoja chozi. Utarudi mara nyingi bila kitu, mimi narudi hivyo, na wateja wangu hawajanikimbia. Nasema haya si kwa kujisifu. Mjomba aliniambia mwenyewe kwamba picha zangu zinamchosha kwa utulivu, ndivyo alivyosema, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa akikupenda wewe zaidi, hilo nalijua, na wewe unalijua, na ndiyo sababu umeweza kumfanyia hivi.

Ishushe picha, Kaka. Sikuombi uandike maelezo, wala uombe radhi kwa mtu yeyote humu. Ishushe usiku watu wakilala. Nimekutumia kwa barua pepe nyingine za kuweka: Mjomba akikamua soksi, Mjomba akimgombeza mpagazi kwa chumvi, na ile ya kule Mutinda mlimani ambayo wewe mwenyewe uliipiga, amekalia jiwe, mvua inamnyeshea na hana habari nayo. Hiyo ya Mutinda ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kupiga mimi. Sijui kwa nini hukuikumbuka.

Na ile tripodi yangu bado iko kwako. Mpe dereva wa basi la Kasese, umwambie anipigie akishavuka Hima, nitamngojea stendi.