Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: waacheni wagonjwa wetu wanywe dozi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mombasa. Nakuandikia kwa heshima zote zinazostahili cheo chako, na nakuomba barua hii uisome mwenyewe, isiishie kwa karani. Nimewaandikia wakubwa wa huku kwetu barua za kawaida, zenye anwani na sahihi, na hakuna aliyenijibu. Ndiyo maana hii naiandika hadharani.

Wiki iliyopita askari walifanya msako mtaani kwetu alfajiri. Waliingia maskani, pale wanapokutana watumia heroini, wakazoa vijana, kisha wakaendelea kuokota yeyote aliyekonda waliyekutana naye barabarani. Mdogo wangu hakuwa maskani. Alikuwa njiani kwenda kliniki kunywa methadoni yake, dawa anayopewa ili aachane na heroini. Mfuko wa shati lake huwa na kadi ya kliniki, ameizungushia nailoni isilowe jasho. Aliitoa akamwonyesha askari. Askari aliitazama, akamrudishia, akamwambia apande gari.

Nilipofika kituoni kumpelekea uji nilimkuta amejikunja sakafuni, machozi na makamasi yanamtoka pamoja, miguu inamrukaruka, shati limejaa matapishi. Arosto, Mheshimiwa, mateso ya mwili uliozoea unga ukikosa dawa. Aliyewahi kuiona nyumbani kwake hahitaji maelezo. Kijana huyu alikuwa ameanza kunenepa, amerudi kazini kwa fundi wa kuchomelea, ananipa hata pesa ya mboga. Siku ile, akiwa mikononi mwa polisi, aliniomba nimtafutie kete moja tu ya heroini apoe. Na pa kuipata napajua, kwa sababu anayeiuza alikuwa amekaa palepale anapokaa kila jioni. Nilikuwa nimempita nikienda kituoni. Jina la kituo silitaji hapa. Ukinihitaji nitakutajia ofisini kwako.

Mimi nimezaliwa na kukulia mji huu, na historia ya unga, yaani heroini, hapa Pwani sikuisoma popote, nimeishi nayo. Zamani ilikuwa brown sugar, vijana wakiivuta moshi. Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia ukaingia unga mweupe, ule wa kuyeyusha, na pamoja nao ikaja sindano. Sindano moja ikawa ya watu wanne, Ukimwi ukapita humo humo. Nyumba za Mji wa Kale, Majengo, Kisauni na Likoni zilizozika watoto miaka ile zinajuana.

Unga huo haukuota Pwani. Ulitokana na afyuni iliyolimwa Afghanistan, ukashushwa hadi pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, ukapakiwa majahazini na kuletwa kusini kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya Mombasa ikakuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Miezi michache baadaye ikashikwa meli ya Al Noor, na zaidi ya kilo 370 zikatolewa kwenye tangi lake la dizeli. Agosti 29 mwaka huo meli ile ililipuliwa baharini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Tulitazama moshi ule kwenye televisheni, na tuliambiwa walanguzi wamepata ujumbe wao. Mama yangu alikuwa hai wakati huo. Alipiga dua, akaamini kuwa mwanawe atapona sasa kwa kuwa serikali imeamka. Hiyo ndiyo ahadi ninayowakumbusha, kwa sababu amekufa akiingojea.

Na wakubwa wenyewe? Mombasa nzima ilikuwa ikilijua jina la Akasha, familia ya walanguzi wa unga. Mzee Ibrahim Akasha aliuawa kwa risasi Amsterdam Mei 2000, na kifo chake hakikuifunga biashara. Wanawe wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa hapa Mombasa Novemba 2014 kwa ombi la Marekani. Kesi ya kuwapeleka huko ikavutwa kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka Januari 2017 walipopandishwa ndege. Oktoba 2018 walikiri makosa mbele ya mahakama ya New York. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, mdogo wake miaka 23 mwanzoni mwa 2020. Katika waliyoyakiri limo pia la kutoa hongo hapa Kenya ili kesi ile isisonge.

Hongo ina mpokeaji, Mheshimiwa. Waliopokea hawakuchukuliwa na ndege ile. Walibaki hapa, na huenda wapo waliostaafu kwa heshima na pensheni. Sisi tuliozika tunangoja hadi leo kusikia wakisomewa mashtaka. Wakati tunangoja, polisi wako wanamkamata mtu mwenye kadi ya hospitali.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni hesabu: juu inatakiwa idadi ya waliokamatwa, na teja, yaani mraibu wa unga, ndiye mtu rahisi zaidi kumkamata nchi hii. Hakimbii, hana wakili, nyumbani wamemchoka. Au pengine anayeuza analipa chochote, na asiyeuza hana cha kulipa. Sina ushahidi wa hilo na simshtaki mtu. Nasema ninachokiona: kila baada ya msako maskani hupungua watu kwa siku chache, muuzaji hapungui.

Na matokeo yake tulishayaona. Mwisho wa 2010 serikali ilibana, unga ukakatika Pwani mpaka mapema 2011. Kwenye magazeti ulikuwa ushindi. Majumbani mwetu vijana waligaragara na arosto, wakameza vidonge vyovyote walivyopata, wakachanganya na pombe, na wapo ambao hawakuamka. Hapakuwa na methadoni Kenya wakati ule. Unga uliporudi wakaurudia, na waliotumia kipimo chao cha zamani wakati mwili umeshausahau walikuwa wakijiua bila kujua.

Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyofungua kliniki baadaye, na kwa hilo nashukuru kwa moyo wangu wote. Ilianza Nairobi Desemba 2014, ikafuata Malindi mwaka 2015, kisha Mombasa. Methadoni inamtoa mtu arosto na kumtuliza kiu ya unga, lakini ni dawa ya kila siku, inanywewa pale pale mbele ya muuguzi, haibebwi kwenda nayo nyumbani hivi hivi. Mgonjwa akiikosa siku kadhaa harudishiwi kipimo chake chote, kwa sababu kinaweza kumdhuru. Anaanzia chini, anapandishwa polepole, na katika muda huo wote arosto inamvuta kwa muuza kete. Miezi ya kazi ya wauguzi inaharibiwa na askari mmoja kwa asubuhi moja. Wizara moja inatibu, nyingine inakuja nyuma yake kubomoa, na zote mbili zinakula kodi yetu.

Mdogo wangu ameachiwa bila shtaka lolote. Hakuna aliyetuambia alikamatiwa nini. Kliniki wamemwanzisha upya kwa kipimo kidogo, usiku halali, anatembea ukumbini mpaka adhana ya alfajiri. Fundi wake amesema atamngoja, lakini hatamngoja milele. Kibaya kuliko vyote, sasa anaiogopa njia ya kliniki. Namsindikiza mimi, nikichelewa kazini, na bosi wangu naye ameshaanza kuninung'unikia.

Nilikusudia kukuomba mengi. Nilitaka kukuomba majina ya waliopokea hongo, nilitaka kukuomba doria baharini, nilitaka kukuuliza habari za yule anayekaa pale kila jioni. Hayo yote bado nayataka. Lakini nimeona ukiombwa mengi utaunda kamati, na mdogo wangu hawezi kungoja kamati.

Basi nakuomba moja. Toa amri ya maandishi kwa kila kituo cha polisi Pwani: mtu mwenye kadi ya methadoni asizuiwe njiani kwenda kliniki. Akiwa na kosa la kweli, akamatwe kama mtu mwingine yeyote, lakini apelekwe kunywa dozi yake chini ya ulinzi, au muuguzi aruhusiwe kumletea rumande. Amri hiyo haihitaji bajeti wala sheria mpya, wala manowari. Ni karatasi moja yenye sahihi yako, ibandikwe kwenye meza ya kuandikishia ripoti, ili siku nyingine nikienda kituoni niwe na kitu cha kumwonyesha askari.

Waacheni wanywe dozi, Mheshimiwa. Kliniki hufunguliwa kila siku, na misako nasikia itaendelea mwezi huu. Nakuomba amri hiyo itoke kabla ya msako unaofuata.

Wako,
Dada wa mgonjwa,
Kisauni, Mombasa