"Reliable" kwa Kiswahili: barua kwa swahiba anayetafsiri

Swahiba,

Salamu nyingi, na poleni na joto. Kijitabu chako cha pampu ya sola nimekisoma chote. "Reliable" limo mara nane, na mara zote nane umeandika "ya kuaminika". Si kosa la kumfukuzisha mtu kazi, lakini mkulima atajiuliza hiyo pampu imekula kiapo gani.

Neno hilo moja la Kiingereza kwetu limegawanyika vipande vitano au sita, na kamusi haikwambii uchukue kipi. Njia nyepesi ni kutafuta kwanza kinyume chake ndani ya sentensi hiyohiyo. Chukua ukurasa wa tatu, "reliable water supply". Kinyume chake ni nini? Maji ya kubahatisha, leo yapo kesho hayapo. Basi hayo ni maji ya uhakika. Ndivyo wasemavyo watu na ndivyo yaandikavyo magazeti: umeme wa uhakika, soko la uhakika, mvua za uhakika. Ila neno hilo usimvishe mtu ovyo. "Fundi hana uhakika" maana yake fundi hajui, wala haina maana kwamba hafiki kazini. Fundi wa "njoo kesho" anaitwa mbabaishaji, na hakuna neno linalompata vizuri zaidi.

Kwa pampu yenyewe, kinyume ni kusumbua. Muuza pikipiki hasemi "hii inaaminika", anasema "hii haisumbui" au "hii haikuangushi". Kwenye kichwa cha habari weka "pampu ya kutegemewa", na ndani, pale unapozungumza na mkulima, weka "isiyosumbua". Imara na madhubuti zipo, lakini zinaelekea zaidi kwenye umbo na nguvu: ukuta imara, kamba madhubuti. Pampu yaweza kuwa na bodi imara ya chuma na bado ikagoma kuwaka kila asubuhi.

Sasa mtego wenyewe, nao umekunasa ukurasa wa tano. Umeandika "mafundi wetu ni tegemezi". Umewatukana, ndugu yangu! Kutokana na tegemea tuna tegemewa, tegemeka, tegemeo na tegemezi, na hilo la mwisho linageuza kibao. Wa kutegemewa ndiye anayebeba wenzake. Mtegemezi ndiye anayebebwa, yule unayemwandika kwenye fomu ya bima. Bajeti tegemezi ni ile inayosubiri fedha za wafadhili. Waandishi wa michezo hawakosei hapa: husema "mshambuliaji tegemeo", yaani timu nzima imemwegemea yeye. Kitenzi chenyewe hakina sifa wala aibu mpaka ujue nani anamtegemea nani. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini" inamsema anayengoja, na "kujitegemea" ya Azimio la Arusha la 1967 inamsifu aliyeacha kungoja.

Mtego wa pili ni wa tafsiri za mashine, zinazopenda kuandika "kuegemea". Kuegemea ni kuweka mgongo ukutani, na kwa upanuzi ni kupendelea upande. Ukiandika "taarifa yenye kuegemea", msomaji ataelewa taarifa yenye upendeleo, kinyume kabisa cha ulichokusudia. Lifute popote ulionapo.

Kuaminika kuna mahali pake, nako ni kwenye habari na vyanzo vyake: "chanzo cha kuaminika", "takwimu za kuaminika". Angalia tu usidondoshe ile "ya", "cha" au "za" inayotangulia. "Inaaminika kuwa mwizi alipitia dirishani" maana yake mwandishi hajathibitisha. "Taarifa ya kuaminika inasema alipitia dirishani" maana yake anaidhamini taarifa hiyo. Mzizi ni mmoja, uzito mbalimbali.

Mwaminifu mwachie binadamu. Kinyume chake ni mwizi, mwongo au msaliti, si mchelewaji. Kwa hiyo mtu akiandika "mimi ni mwaminifu" kwenye barua ya kuomba udereva, mwajiri anasikia "sitaiba mafuta". Jambo jema, lakini hajaambiwa kama gari litafika saa 12 asubuhi. "Mtu wa kutegemewa" linakaribia zaidi. Wala ukanushi wake haulingani uzito: "si wa kutegemewa" ni lawama ya kawaida, lakini "haaminiki" ni tuhuma.

Jedwali la ukurasa wa sita lina "reliability" na "availability" safu mbili tofauti, nawe umeziita zote "uaminifu". Ya kwanza iite kutegemeka: uwezekano wa pampu kufanya kazi bila kuharibika kwa muda uliotajwa na katika hali iliyotajwa. Ya pili ni utayari, yaani sehemu ya muda ambayo pampu iko tayari kufanya kazi. Utayari wa asilimia 99.9 katika saa 8,760 za mwaka unaacha kama saa 8 na dakika 46 za kusimama. Pampu inayozimika kila siku na kuwashwa baada ya dakika moja ina utayari mkubwa, na kutegemeka kwake ni kubovu. Ukiziita jina moja, mnunuzi hawezi kuona tofauti hiyo.

Kwenye kiambatisho cha vipimo, "reliability" iite uthabiti, yaani kipimo kikirudiwa kinatoa jibu lilelile. Mizani ikipima mfuko wa sukari wa kilo 1 mara kumi, na mara zote kumi ikasoma gramu 1,050, mizani hiyo ni thabiti ila si sahihi. Usichanganye hayo mawili.

Na usiwaonee haya Waingereza. Karne ya 19 wapo waliolikataa "reliable" kwamba limeundwa vibaya, kwa kuwa "rely" haliendi bila "on", wakadai kwa mantiki hiyo lingekuwa "rely-on-able". Tegemea yetu inamshika mtendwa moja kwa moja, hivyo tegemeka haina deni hilo.

Sentensi ya nane, "reliable after-sales service", usitafute sifa yoyote. Andika: "Vipuri vipo, na fundi anafika akiitwa." Lakini kwanza waulize wenye pampu kama ni kweli.

Nisalimie nyumbani.

Wako,
Swahiba