Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Komiki na Filamu za Kutisha

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, na ninyi ndugu wanachama mliofika. Nasema mliofika kwa makusudi. Daftari la mahudhurio lililopo mezani lina sahihi 14, na chama kina wanachama 52. Mkutano wa kwanza tuliuahirisha kwa kukosa akidi. Huu ni wa pili, na Katiba yetu inasema mkutano ulioitwa mara ya pili unaendelea na watakaokuwepo. Atakayeamka usiku wa manane kupinga maamuzi ya leo kwenye WhatsApp alikumbuke hilo kabla hajaandika.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Februari tulisoma hadithi za kutisha za EC, kampuni ya komiki ya Marekani, za miaka ya 1950 tukazilinganisha na Tales from the Crypt, filamu iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1972 na Freddie Francis. Kipindi cha Ramadhani tulipumzika. Aprili na Mei zilikwenda na mvua. Juni tuliangalia Creepshow ya 1982. Agosti ilikuwa zamu ya Blade, na nilisikitika kuona nusu ya ukumbi ikidhani yule bwana alizaliwa na filamu ya 1998, wakati alitokea mara ya kwanza mwaka 1973 kwenye toleo la 10 la The Tomb of Dracula, akiwinda vampaya, yaani wanyonya damu, kwa visu vya mbao. Oktoba ilikuwa Uzumaki, nitaigusa mbele. Novemba tulionyesha kazi za nyumbani, Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, na siku hiyo watu walikaa mpaka dirishani. Projekta iliyotumika mwaka mzima ni yangu binafsi. Sijadai chama hata senti ya taa yake, na sidai leo. Naeleza tu ili ijulikane.

Sasa suala la kabati la vitabu nililolifunga kwa kufuli. Najua ndilo lililowaleta wengi wenu, wakiwemo ambao daftari la ada haliwafahamu kabisa.

Yaliyotokea ni haya. Mwishoni mwa Aprili mwanachama mmoja, simtaji na mwenyewe anajijua, aliazima juzuu ya Uzumaki ya Junji Ito akaiacha sebuleni kwake. Mpwa wake wa miaka 11 akaisoma. Kwa wasioisoma, na mko wengi, kazi ile ilitoka Japani kwa mfululizo mwaka 1998 na 1999, inahusu mji mdogo uliopagawa na umbo la msokoto. Katika sura moja kuna mwanafunzi mzito wa mwendo anayefika shuleni siku za mvua tu, ameloa chapachapa, akijikokota. Mgongoni mwake panaanza kuvimba msokoto. Kurasa chache baadaye yupo ukutani mwa shule, macho yamechomoza juu ya vijiti viwili, ameshakuwa konokono, na wenzake wanamtupia majani. Mtoto wa watu aliisoma sura hiyo hapa Magomeni, katika masika ile mnayoikumbuka, ukuta wa uani kwao ukiwa umejaa konokono halisi wa saizi ya ngumi.

Akagoma kwenda shule siku za mvua, na mvua ilikuwa kila siku. Asubuhi moja bibi yake akamkuta anamwaga chumvi kizingitini, mstari ulionyooka, kutoka mlango wa mbele mpaka wa uani. Alipoulizwa hakujibu. Mzee akiona chumvi kizingitini na mtoto aliyenyamaza hafikirii komiki, anafikiri mjukuu ameshafundishwa uganga. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa kwa mjumbe wa mtaa, na alasiri mama mtu akaingia ukumbini kwetu, kitabu amekiviringisha kwenye kanga, akakitua mezani bila kukigusa kwa kidole. Mwenye ukumbi alikuwepo. Akatupa siku saba tuhame.

Nani alikuwa ukumbini siku hiyo? Mimi na Mtunza Vitabu, basi. Nani alimfuata yule mama mpaka nyumbani, akakaa na bibi, akamweleza kuwa chumvi ni kwa ajili ya konokono na si mizimu? Sitaki sifa, lakini naomba kumbukumbu za mkutano ziandikwe vizuri.

Jioni ile ile nilinunua kufuli na bawaba, nikafunga kabati, ufunguo nikabaki nao. Nikatoa tangazo lenye mambo matatu: aliye chini ya miaka 16 haazimi kitabu, aliye chini ya miaka 18 haingii maonyesho ya Ijumaa usiku, na kitabu chenye alama nyekundu kinasomewa hapa hapa. Ni kweli sikuitisha Kamati. Wajumbe wawili wanakaa Kariakoo na mmoja Upanga, na Jangwani maji yalikuwa yamefunga barabara. Ningewaita kwa mtumbwi? Katiba inampa Mwenyekiti kuchukua hatua ya dharura na kuitolea taarifa kikao kinachofuata. Niliitolea taarifa. Kikao hicho walihudhuria watatu.

Baada ya hapo ndipo ikazuka stika ya WhatsApp yenye picha yangu na maneno “Dokta Wertham wa Magomeni”. Aliyeitengeneza namfahamu kwa namba. Kwa kuwa jina hilo linatumiwa ovyo, naomba dakika chache, maana sina hakika wanaonitukana nalo wanamjua mwenyewe.

Fredric Wertham alikuwa daktari wa akili New York, mzaliwa wa Ujerumani. Mwaka 1954 alitoa kitabu akidai komiki zinawaharibu watoto na kuwatumbukiza kwenye uhalifu. Aprili 21 mwaka huo kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ilimhoji yeye, na siku hiyo hiyo ikamhoji William Gaines, mmiliki wa EC. Seneta Kefauver akainua jalada lenye mwanamume aliyeshika shoka mkono mmoja na kichwa cha mwanamke kilichokatwa mkono wa pili, akauliza kama hilo ni jambo la staha. Gaines akajibu ndiyo, kwa jalada la komiki ya kutisha. Akaendelea kueleza, bila kuulizwa sana, kwamba lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu kidogo damu ikaonekana inachuruzika. Tulisoma kisa hiki Februari, tukacheka. Lakini nawauliza: nani alimwambia Gaines aendelee kuongea? Mimi nilipoitwa kwa mjumbe nilijibu nilichoulizwa tu, na ukumbi tunao mpaka leo.

Miezi michache baadaye wachapishaji wakajiwekea kanuni zao na chombo cha kuzisimamia. Maneno “kutisha” na “kitisho” kwa Kiingereza chao yakapigwa marufuku kwenye majina ya komiki. Mazombi, vampaya na watu-mbwamwitu wakafukuzwa kurasani. Asiyekuwa na muhuri wa chombo hicho, wauza magazeti hawampangi mezani. EC ikazika majarida yake yote ya kutisha. Vampaya walisubiri hadi 1971 kuruhusiwa tena, na mazombi hata hapo wakaachwa nje, kiasi kwamba Marvel ikawa inawaita “zuvembie” ili wapite mlangoni. Wertham mwenyewe, makabrasha yake yalipofunguliwa, mtafiti Carol Tilley alionyesha kwamba alikuwa amechezea ushahidi, amebadilisha umri wa watoto na kuunganisha maelezo ya watu tofauti.

Sasa mniambie nimechezea ushahidi gani. Mtoto yupo, bibi yupo, chumvi ilimwagwa. Zile kanuni za 1954 zilimshusha kila msomaji mtu mzima akawa mtoto wa miaka 10: ukiwa na ndevu au huna, ulisoma kilichofaa mtoto au hukusoma kabisa. Kufuli letu halijamnyima mtu mzima ukurasa mmoja. Kama ni kosa kupanga kwa umri, basi hata Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya 1976 ina kosa, maana filamu zinapangwa madaraja na hakuna aliyeitengenezea Bodi ya Filamu stika.

Mwanachama mmoja msomi aliandika kwamba hata wachapishaji wa 1954 walisema wanajipangia wenyewe, kwa nia njema, kwa ajili ya watoto, na kabla ya serikali kuingia. Hoja yake nimeisikia. Ameiandika vizuri kuliko anavyolipa ada. Tofauti ni kwamba wale waliandika kanuni ili mshindani wao afe, na mimi sina mshindani, isipokuwa wale wenzetu sita waliojitenga Julai na sasa wanaangalia filamu kwenye simu, kichwa kwa kichwa, kwenye skrini ya inchi sita. Nawatakia heri.

Imesemwa pia kwamba nimefunga kabati ili nisome peke yangu. Ni kweli Jumamosi nyingi nilikuwa peke yangu ukumbini. Hilo ni suala la mahudhurio, si la kufuli. Mwishoni mwa Septemba ilipotoka Uzumaki ya katuni ya runinga, vipande vinne, kila mtu akawa mpenzi wa Junji Ito. Kipande cha kwanza kilisifiwa dunia nzima kwa jinsi kilivyofuata mstari wa kalamu, cha pili kikaporomoka, michoro ikawa inatembea kwa shida, na kundi letu la WhatsApp likalipuka kwa malalamiko siku tatu. Nikaandika: njooni Jumamosi, kurasa zenyewe zipo, tuone mchoraji alifanya nini na wahuishaji walikosa nini. Walikuja wanne. Mmoja alikuwa anasubiri bodaboda.

Hapa ndipo penye kidonda changu. Chama hiki kilianzishwa na wasomaji, watu waliojifunza kusoma picha kwa Ndumilakuwili na Lodilofa wa jarida la Sani kabla ya kulijua jina la Kimarekani hata moja. Leo Ijumaa ya filamu ukumbi unajaa, Jumamosi ya vitabu viti vinanitazama. Juni, baada ya Creepshow, niliuliza nani amechora komiki iliyotoka na filamu ile. Kimya. Ni Bernie Wrightson, ndugu zangu, na komiki ipo kabatini rafu ya pili. Filamu ile yenyewe ilitengenezwa na mwongozaji George Romero na mwandishi Stephen King kwa mapenzi ya komiki za EC, zile zile zilizouawa mwaka 1954, mpaka rangi za mataa zikaiga rangi za kurasa. Kwenye filamu mlango unafunguka kwa kasi aliyoitaka mwongozaji. Kwenye kitabu, ukurasa unaufungua wewe kwa mkono wako, na unajua kuna kitu nyuma yake. Aliyekuja Ijumaa peke yake amekula mchuzi akaacha nyama.

Fedha. Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, bei ya chipsi mayai na soda. Kwa wanachama 52 tulitarajia 3,120,000. Tulikusanya 1,145,000. Tunadai 1,975,000. Waliomaliza ni 11, waliolipa nusunusu 17, ambao hawajatoa kitu 24. Kodi ya ukumbi 600,000, vitabu 310,000, umeme na mafuta ya jenereta 145,000, kufuli na bawaba 38,000. Salio 52,000. Nimesikia manung’uniko kuhusu hiyo 38,000, na nimeona kwamba watano kati ya wanaonung’unika wapo kwenye wale 24. Risiti ipo kwa Mweka Hazina. Kufuli ni la shaba, la bei rahisi lingeliwa na chumvi ya hewa ya hapa ndani ya mwaka.

Vitabu ambavyo havijarudi ni tisa, pamoja na majuzuu mawili ya The Walking Dead yaliyotoka kabla ya kufuli. Mwenye navyo avirudishe hata usiku, hata kwa kuvirusha dirishani, hatutauliza.

Mipango ya 2025. Tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza rafu, kupata wachoraji vijana watakaojaribu komiki ya kutisha ya Kiswahili yenye misukule na majini wetu, pengine na Popobawa wa 1995 ambaye ndugu zetu wa Pemba wanamkumbuka vizuri kuliko wangependa. Kuna wazo la tamasha dogo. Kuna mtu ameahidi skrini. Kuhusu ufunguo wa pili wa kabati, nitaukabidhi kwa Katibu mara tu Kamati itakapofikisha akidi kwenye kikao kimoja.

Uchaguzi wa viongozi unafuata mwezi ujao. Fomu zipo kwa Katibu, na anayechukua lazima awe amelipa ada ya mwaka mzima, kwa hiyo mpaka sasa wenye sifa ni 11, nami nikiwa mmoja wao.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Magomeni, Dar es Salaam
Januari 2025